Mbuzi Wangu wa Kilo Nne

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Katibu hakojoi vizuri. Katibu ni paka wa binti yangu, dume, miaka sita, aliitwa hivyo kwa kupenda kulalia karatasi zangu za ofisini. Tangu asubuhi ameingia kwenye beseni lake la mchanga mara nane. Anachuchumaa, anakaza macho, anatoa tone. Aliyehesabu ni binti. Ana miaka tisa na hakuna linalompita.

Mke wangu alifungua kopo lake la akiba, lile la hela za cherehani, akanipa na kusema nimpeleke paka kwa daktari wa wanyama leo hii. Akaongeza nisianze ujanja wangu. Sikulipenda neno hilo. Mimi ni mtu wa mipango. Ni kweli ule mpango wa kupaka nyumba chokaa ya bure ulitufanya tujikune wiki mbili, lakini hiyo ilikuwa kasoro ya chokaa.

Nikamtia Katibu kikapuni, nikaenda mpaka kwa daktari wa njia panda. Sikuingia. Mlango ni wa kioo. Ndani kuna viti vyenye mito. Nikajiuliza mito ile kainunua nani, nikajijibu: watu kama mimi. Nikasimama robo saa nzima, kikapu mkononi. Kisha nikarudi.

Hapa ndipo ninapoona haya kuandika. Nilipoulizwa daktari kasemaje, nilisema ni joto tu, paka anyweshwe maji mengi, atapona. Yalinitoka yenyewe, tena kwa sauti ya kidaktari kabisa. Hela ninazo mfukoni, zote. Nia yangu ni njema: nimtibu Katibu bila gharama, kisha nimrudishie mke wangu hela zake mkononi, mbele ya watu ikiwezekana. Hajanisifu siku nyingi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Leo bahati imenikumbuka. Mimi ni karani wa masjala, barua zote za ofisi hupita mezani kwangu, na leo imepita moja ya idara ya mifugo. Mwezi huu wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo watashauriwa bure kwa simu, na ikibidi bwana mifugo atawafuata nyumbani, bure pia. Niliisoma mara tatu nikimtafuta paka. Hayumo.

Nikajifungia stoo ya mafaili, nikapiga simu, nikasema nina mbuzi.

Bwana mifugo ni mpole lakini ana maswali. Aliuliza mbuzi ana uzito gani. Kilo nne. Akauliza kazaliwa lini hasa. Nikasema ana miaka sita. Akauliza anakula nini. Nikasema samaki, kisha nikajisahihisha, majani. Akauliza kama anacheua. Nikasema hutafuna mkeka. Na pembe je? Nikasema bado tunazisubiri.

Nilipofika kwenye habari ya mkojo sauti yake ikabadilika. Alisema hayo ni mawe kwenye njia ya mkojo, madume huyapata sana, na dume akizibwa kabisa anaweza kufa ndani ya siku mbili. Hilo si jambo la kungojea. Atakuja mwenyewe kesho saa nne asubuhi.

Nilimshukuru. Nikajiambia hayo ni mambo ya mbuzi, paka ni mnyama mwingine.

Kesho anakuja kumwona mbuzi. Sina mbuzi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeaga ofisini kwamba naumwa tumbo. Wakati naaga ulikuwa uongo, kufikia saa nne ulikuwa kweli.

Jirani yetu ana mbuzi kumi na mmoja. Nilimwomba mdogo kuliko wote, kwa saa moja tu, nikasema binti kapewa kazi ya shule, achore mbuzi kwa kumtazama. Jirani akasema masomo ya siku hizi yameendelea. Akanipa na kamba. Binti mwenyewe alikuwa shule, mke wangu kapeleka nguo za wateja. Uwanja ulikuwa wangu.

Bwana mifugo alifika kwa pikipiki, viatu vya mpira, mkoba begani. Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi. Akauliza zile kilo nne alizipima nani. Nikasema mizani yetu ni ya zamani. Akazunguka nyuma ya mbuzi, akainama, akatazama, akainuka polepole. Akasema huyu dume wangu ni jike.

Nilisema hata mimi nimeshangaa.

Mbuzi naye akachagua wakati huo kukojoa, mkojo mrefu wa mtu asiye na shida, juu ya viatu vya serikali. Bwana mifugo hakukasirika. Alitoa daftari akaandika: mbuzi mmoja, jike, mzima. Akaandika jina langu na namba ya simu. Nikatia saini.

Ndipo Katibu akalia ndani ya nyumba. Si mlio wake wa kuomba chakula. Mlio wa chini, mrefu, wa kujivuta. Bwana mifugo akainua kichwa. Akauliza yule paka ni wa nani, maana anaumwa kweli yule.

Ningeweza kusema hapo hapo. Mtu anayejua wanyama yuko uani kwangu, mkoba wazi. Nilichohofia ni kuchekwa tu. Nikasema ni paka wa jirani.

Alipoondoka niliketi ngazini na mbuzi wa watu. Nimemkana paka wa mwanangu. Sikujua uso niuweke wapi, na hapakuwa na wa kuuona ila mbuzi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Katibu hali. Ametapika mara mbili. Leo hakuna hata tone.

Binti kakataa kwenda shule. Alikaa sakafuni, taulo magotini, akimnywesha paka maji kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, kama daktari alivyoagiza. Daktari ni mimi. Akaniomba nirudie maneno ya daktari yote, asije akakosea. Nikarudia. Nikaongeza kwamba daktari alimsifu kwa kumtunza paka wake vizuri. Akatabasamu. Akazidisha maji.

Nilitoka nikasimama nyuma ya nyumba, karibu na mapipa. Nimewahi kuaibishwa na watu, si mara moja, na nimezoea. Hii ya leo hakuna aliyenifanyia.

Mke wangu aliporudi alimtazama paka mara moja tu. Akaomba kadi ya daktari. Nikasema iko ofisini. Akauliza ni daktari gani anayetoa kadi ya paka ikakae masjala. Hakungoja jibu. Akamweka Katibu kwenye beseni la nguo, akatoka, binti nyuma yake, mimi nyuma ya binti, kandambili moja yangu na moja ya mke wangu.

Daktari wa njia panda ni mama wa makamo, asiye na haraka ya maneno. Mke wangu akamwambia huyu ndiye yule paka wa Jumatatu. Daktari akasema hajawahi kumwona paka huyu. Kisha akanitazama, akasema ila bwana huyu anamkumbuka, Jumatatu alisimama nje robo saa akikagua mlango, yeye akadhani ni fundi wa vioo.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa mlango mmoja. Binti aliutazama mlango, akanitazama mimi, basi.

Daktari alimpapasa Katibu tumbo. Akasema kibofu kimekuwa kigumu kama limau na paka huyu alikuwa amebakiza saa chache. Akauliza ni nani aliyeagiza maji. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akasema maji ni mazuri kwa paka ambaye njia yake iko wazi, huyu tulikuwa tunamjaza tu. Neno hilo tunamjaza lilimfanya binti atazame mikono yake. Sitalisahau hilo.

Akamchukua ndani. Akasema haahidi chochote, huenda figo zimeshachoka. Turudi asubuhi.

Kando ya mlango, ndani, kuna ubao wa bei, herufi kubwa kabisa. Bei ya kumpima mnyama haifiki nusu ya hela nilizotembea nazo tangu Jumatatu. Chini yake imeandikwa asiye nazo zote aseme, tutapanga. Jumatatu ingekuwa dawa na kubadilisha chakula. Leo ni mrija, sindano na kulazwa siku tatu. Nikazitoa mfukoni hela za kopo, hazikutosha. Mke wangu alisema, taratibu sana, rahisi ghali. Afadhali angenipigia kelele.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Yu hai. Mrija umepita, mkojo umetoka, figo zinapona.

Nilikwenda saa ya chakula cha mchana. Mke wangu na binti walikuwa wameshafika. Binti alimwuliza daktari kama mimi ninaruhusiwa kuingia. Daktari akasema hilo aamue mwenye paka. Binti akafikiri. Akasema dakika mbili.

Nikaingia dakika mbili. Katibu alikuwa na kola ya plastiki shingoni, amekonda uso. Alinitazama, akanipa mgongo. Nilimwomba radhi kwa sauti ndogo. Muuguzi alisikia.

Wakati natoka daktari alinipa ushauri ambao sikuuomba. Daktari huchaguliwa mnyama akiwa mzima, akishaugua mtu hachagui tena, anakimbia tu. Ingia, tazama pako vipi, uliza bei ya kila kitu, uliza kipi ni cha leo na kipi kinaweza kungoja. Akasema yeye hajawahi kumng'ata mtu aliyemwuliza bei. Nikaitikia kila neno. Siku tatu nilikuwa naikimbia bei ambayo hata sikuijua.

Jioni jirani alikuja kuomba kuiona ile picha ya mbuzi wake. Ilibidi niichore mwenyewe, chooni, kwa kalamu ya ofisi. Akaitazama sana. Akasema mbona anafanana na paka.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Katibu karudi nyumbani. Lazima ale chakula maalumu, maisha yake yote. Kilichobaki daktari kakubali tulipe kidogo kidogo. Mke wangu ndiye aliyemwuliza, ilimchukua sentensi moja.

Nimeketi na binti nikamweleza yote. Kioo, simu, kilo nne, jike. Nilitumaini kwenye habari ya viatu vya bwana mifugo atacheka kidogo. Hakucheka. Aliniuliza Katibu alipolia, na yule mtu akauliza ni paka wa nani, mimi nilijibuje.

Nikamwambia nilivyojibu.

Alimsugua Katibu nyuma ya sikio. Kisha akasema kuanzia leo maneno ya daktari atakwenda kuyasikia mwenyewe. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepanga kazi za nyumbani.

Nimelia, kwa kweli. Nimeapa mbele yake na mbele ya mama yake: kesho kutwa nampigia bwana mifugo, namweleza ukweli wote, namwomba anifute kwenye daftari lake. Mwisho wa ujanja. Mke wangu akaniletea chai. Hakuna sukari, lakini ni chai.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Maneno ya kuungama niliyaandika jana kwenye karatasi, nikayakariri njiani. Nimefika nyumbani, nimeketi sebuleni wima, nimepiga.

Bwana mifugo alifurahi kunisikia. Akamwulizia mbuzi hali. Nikasema hajambo, kwa sababu ni kweli, nimemwona asubuhi kwa jirani. Kabla sijafungua karatasi yangu akasema nimepiga wakati mzuri. Kuanzia wiki ijayo kila mfugaji aliyeandikishwa atapewa dawa ya minyoo na jiwe la chumvi la kulamba, bure, kwa hesabu ya mbuzi. Daftari halijafungwa, watu bado wanajiandikisha. Akauliza mimi sasa ninao wangapi.

Karatasi ilikuwa mkononi. Naapa ilikuwa mkononi. Lakini nikakumbuka bei ya chakula cha Katibu, na kwamba jirani ana mbuzi kumi na mmoja na angenunua chumvi ile hata kwa nusu bei. Ni kwa ajili ya paka, nikajiambia. Daktari mwenyewe kasema tuangalie gharama.

Nikasema watatu. Akaandika. Akauliza hao wawili wapya wana uzito gani. Nikasema kilo nne nne.

Nilipokata simu nikamwona binti kasimama mlangoni, Katibu mikononi. Sijui alifika saa ngapi. Aliniuliza hao wawili wengine wako wapi.

Nilimwambia wako malishoni.