Dawa ya Nguo za Kuwindia

Mambo yalimharibikia Ooko Jumapili, tarehe tisa Machi, saa nne asubuhi, soko la Kibuye likiwa limejaa na makanisa yakiwa bado yanapiga ngoma. Mbwa wa serikali alikuja, akanusa, akakaa chini mbele ya meza yake. Na mbwa wa serikali akikaa hivyo, kuna mtu hatalala kwake.

Ooko alikuwa amefiwa na mke, Awuor, na tangu hapo aliilaumu serikali kwa kila kitu: hospitali kukosa dawa, bomba kukosa maji, hata ugali wake kuungua chini. Shule aliiachia darasa la nne, na hilo nalo lilikuwa kosa la waziri fulani. Kazi yake ilikuwa kuuza dawa ya kutoa harufu kwenye nguo, huku amevaa shati ambalo lenyewe lilihitaji maombi. Dawa ilitoka Ujerumani, alisema. Ilitoka Ahero: maji ya kuoshea mchele, majivu, na limau moja kwa ndoo nzima, kwa sababu limau ni ghali na wakubwa hawajali.

Alhamisi iliyotangulia alikuwa amejiwa na mtu wa Muhoroni, jina Walter, amebeba gunia. Ndani mlikuwa na majaketi sita yaliyonuka moshi, jasho na damu.

"Baba, hizi ni za kuwindia," Walter alinong'ona. "Tukienda, paa ananusa jasho letu. Tukirudi, mbwa wa askari wa wanyamapori ananusa damu ya paa. Tunanuswa kwenda na kurudi!"

"Omera, ndugu yangu, umefika kwa daktari. Siku saba. Dawa ya Ujerumani haikimbizwi."

Walter alipogeuka tu, Ooko akacheka peke yake. Kuwinda ni haramu. Sasa mwindaji aliyeibiwa majaketi ataenda kuripoti wapi? Akayanyunyizia maji yake ya mchele, na Jumapili akayatundika Kibuye kama mitumba. Ulikuwa wizi safi kabisa, isipokuwa harufu.

Ndipo mbwa akakaa. Nyuma yake alisimama afisa wa wanyamapori, Kageha, mama mpole wa sauti.

"Mzee, hizi ni za nani?"

"Mitumba, madam. Zimetoka ng'ambo."

Kageha akaingiza mkono katika mfuko wa jaketi, akatoa waya wa kutegea, manyoya ya paa bado yamenasa. "Na hii inauzwa kando, ama ni bei moja?"

Ooko, kwa mara ya kwanza mwaka ule, akasema ukweli: ni za mteja, Walter. Akampigia simu. Simu imezimwa.

"Nisikize vizuri, mzee," Kageha alisema. "Ama wewe ni mwindaji, na utajibu kesi ya paa, na hiyo ni miaka. Ama wewe ni tapeli, dawa yako ni maji tu, na hizi umeiba. Hiyo ni kesi ndogo. Chagua."

Ooko alichagua haraka. Akapanda juu ya kiti, akatoa ile sauti yake ya kuuzia.

"Watu wa Kibuye! Mimi ni mwongo! Dawa yangu ni maji ya mchele!"

Soko likaangua kicheko. "Ongeza, jaduong', mzee wetu!" mtu akaita. Wengine wawili wakanunua chupa.

"Sijawahi kutoa harufu ya mtu yeyote! Hata yangu!"

"Hiyo tunajua!"

Hapo akajitokeza Caren, muuza omena, wale dagaa wa ziwani wanaonuka, ambaye Ooko alikuwa amemwahidi ndoa Pasaka iliyopita, kwa pumzi ile ile ya kumuuzia chupa nne. Akamshika afisa mkono.

"Madam, usimsikize. Tangu afiwe anajidharau tu. Mimi nauza omena miaka kumi na moja. Nusa hii blauzi niliyoitia dawa yake."

Kageha akanusa. Mbwa naye akanusa, akaangalia pembeni. Hakuna harufu.

"Ni mpya!" Ooko akapiga kelele. "Kikaratasi cha duka bado kiko shingoni! Mwangalieni!"

Caren akavuta leso mpaka masikioni. "Maskini," alisema, machozi yakimtoka. "Anaumwa."

"Kumbe dawa inafanya kazi," Kageha alisema. "Basi tapeli si wewe. Mwindaji, panda gari."

Ooko akapanda, akakaa kando ya mbwa, na mbwa akasogea mbali naye. Caren akampitishia soda baridi dirishani, akampangusa jasho kwa ncha ya leso, akalia hadi gari likapotea upande wa Kondele. Kisha akarudi kwenye omena zake, akauza vizuri sana.

Wauza nyanya wanasema ni mapenzi. Wauza viatu wanasema ni kisasi cha zile chupa nne. Ooko mwenyewe, rumande, ameacha kuilaumu serikali, kwa kuwa ana swali moja tu, na humuuliza kila anayeletwa mle: yule mama alikuwa ananitetea, ama alikuwa ananifunga?