Rekoda Mbili, Adhana Moja

Jumatatu, 9 Oktoba 1967

Leo Bwana Phineas, mkubwa wetu wa ofisi ya habari hapa Lamu, ametuita mimi na Kariuki. Nafasi moja imetokea studio ya Mombasa, na mmoja wetu ataipata. Jumamosi kila mtu alete rekodi yake, isikilizwe mbele ya wageni. Kariuki ataleta hotuba ya ufunguzi wa choo cha soko. Hotuba! Nilicheka hadi nikajikwaa kwenye waya.

Mimi nina jambo kubwa. Alhamisi Bwana Wazir anamwoza binti yake, Saadiya. Wanaume watakuwa msikitini na mtaani, wanawake watakuwa ndani, na hakuna aliyewahi kuzisikia pande zote mbili kwa wakati mmoja. Nitaweka rekoda moja huku na nyingine kule, kisha nizipige pamoja. Bwana harusi anafika mlangoni, vigelegele papo hapo. Nimeanza kufikiria nyumba ya kupanga Mombasa.

Jumatano, 11 Oktoba

Kwa wanawake siingii. Mke wangu Rael anaingia. Ni mkunga, amezalisha nusu ya mtaa ule. Bi Barka, mama wa bibi harusi, amekubali kwa sharti moja: ngoma na vigelegele visikike, lakini maneno ya ndani yasitoke. Likitoka hata moja, Rael asikanyage kwake tena. Rael hana rafiki mwingine kama Bi Barka mji huu. Aliniangalia kwa jicho lile. Nikaapa.

Sasa nitajuaje sehemu ipi ya tepu yake inakwenda na ipi ya yangu? Rael akasema tuwashe mashine zote mbili hapa nyumbani, tupige kofi moja mbele yazo, kisha kila mtu ashike njia yake. Makofi yakikutana, yote yatakutana. Kofi! Niende Mombasa kwa kofi?

Nina bora zaidi: adhana ya alasiri. Inasikika mji mzima. Nitaanzisha tepu zote kwenye neno lake la kwanza. Nashangaa hakuna aliyeliwaza hili kabla yangu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mambo safi. Rekoda niliiweka kwenye baraza la msikiti. Adhana imeingia, kadhi ameingia, Obeid bwana harusi ameitikia, tukamsindikiza kwa matari hadi mlangoni kwa Bwana Wazir.

Rael naye kanasa yote, na zaidi. Baada ya vigelegele, Bi Ummu, nyanya yake Saadiya, alikaa ubavuni mwa mashine akamchambua bwana harusi: masikio yake, mwendo wake, na mapishi ya mama yake. Rael hakuweza kuizima, alikuwa ameshikishwa sinia ya halua. Si kitu. Nitaizima mimi vigelegele vikiisha.

Ijumaa, 13 Oktoba

Balaa. Nimezipiga pamoja kuanzia adhana. Kadhi anamuuliza Obeid kama amekubali, na kabla hajajibu wanawake wanapasuka kwa vigelegele. Obeid anakubali kama mtu aliyetishwa. Kisha anafika mlangoni, na badala ya vigelegele ni Bi Ummu na yale masikio. Wanawake wametangulia dakika sita nzima!

Nilikwenda kwa Bwana Kamaludin, muadhini wa msikiti ule, kumuuliza adhana yake ina kasoro gani. Alicheka hadi akakaa chini. Akaniambia kwa Kiamu chao, ambamo mji ni mui na kila ni kula, "Bwana Patroba, mui huu una misikiti mingi, na kula msikiti una muadhini wake na saa yake." Yeye hutangulia. Yule wa karibu na kwa Bwana Wazir humaliza kahawa yake kwanza. Miaka minne naishi hapa, na zile adhana nyingine nilidhani ni mwangwi.

Rael kasema nichelewe kuiwasha yake kwa dakika sita. Hapana. Nimeshatangaza kwamba zitawashwa pamoja. Kuwasha moja baada ya nyingine mbele ya Kariuki ni kukiri kosa. Nimepata dawa: betri kuukuu. Betri zikichoka, tepu hutembea polepole. Wanawake watachelewa kidogo kidogo, na watafika mlangoni pamoja na Obeid. Nimejaribu mara tano. Inakubali.

Jumamosi, 14 Oktoba

Ofisini walikuja Bwana Wazir, Obeid, na baba yake, Bwana Husseini. Bi Barka na Bi Ummu walikaa nyuma ya pazia na Rael. Hotuba ya choo ilisikika neno kwa neno. Kisha mimi.

Yale majaribio matano yalikuwa yamezimaliza betri. Ngoma ya wanawake ilitoka kama mtu anayekata mti. Vigelegele vilivuta, vikashuka, vikawa mlio wa ng'ombe. Bwana Wazir akauliza kwa upole ni nani alichinja siku ile. Kariuki alikuwa akitazama dari, mabega yakimcheza.

Hapo nikamkumbuka Bi Ummu. Nilirukia kitufe cha kuzima, kikang'oka mkononi. Akaanza kusema. Jasho lilinitoka hadi soksi. Nilimsikia Rael akiguna "tumekwisha" nyuma ya pazia, naye Bwana Husseini akainamisha kichwa asikilize vizuri.

Hakuna aliyeelewa neno hata moja. Sauti ilitoka nzito kama radi ya mbali. Bwana Husseini akanong'ona kwamba mzee huyu anayeomba dua ana sauti ya heshima, na Obeid, wa yale masikio, akaitikia amina. Kisha betri zikafa kabisa.

Sijawahi kupenda ukimya namna ile. Nilitaka kuibusu ile mashine. Bi Barka amempa Rael sahani ya halua na kumwambia aje Jumanne kama kawaida. Bi Ummu ameuliza yule mzee wa dua ni nani.

Jumatatu, 16 Oktoba

Kariuki amepata Mombasa. Ajabu, sikuumia. Mke wangu bado ana rafiki, Obeid bado ana mke, nami nimelala usingizi wa mtoto.

Tena Bwana Phineas amenipa kazi mpya: watoto wa shule ya Faza na wa Kizingitini wataimba wimbo mmoja, asubuhi moja, kila shule kijijini kwake, nami niwaunganishe. Rael ananikumbusha kofi. Nimemweleza taratibu kwamba halihitajiki. Shule zote mbili hupiga kengele saa mbili kamili. Muadhini ana saa yake, sawa, lakini serikali ni moja.

Zile betri kuukuu nimezitia mkobani, kwa usalama tu.