Zibala Huna

Jumapili, 9 Februari 2014

Magunia thelathini na moja leo. Mgongo haunyooki. Watu wa mjini huja huku jangwani Alhamisi, huchoma nyama, huendesha pikipiki za magurudumu manne, kisha Ijumaa huondoka na kuacha kila kitu isipokuwa watoto. Sisi wa kampuni ya usafi huokota mpaka Alhamisi nyingine. Makaa huyafukia mchangani yangali moto. Kandambili yangu ya kushoto imeyeyuka leo, nami nikiwa ndani yake!

Sir Biju, bosi wetu, alitukusanya kando ya lori. Alisema kuokota peke yake hakutoshi, watu wafundishwe kurudi na taka zao. Atakayefaulu kuwafundisha atafanywa supavaiza. Na supavaiza peke yake atapewa likizo Aprili. Wengine tungoje Julai, jangwa likiwa tupu kwa joto.

Aprili! Binti yangu Muna anaolewa Mombasa tarehe kumi na moja Aprili. Mimi ndiye walii wake. Nisipofika, atakayemshika mkono bwana harusi na kumwozesha mwanangu ni mdogo wangu Msellem. Msellem, ambaye hata mbuzi wake walimkimbia wakahamia kwa jirani. Haiwezekani. Lazima niwe supavaiza.

Jumatatu, 10 Februari

Mpinzani ni mmoja tu: Matia, Mganda wa Masaka, anayelala kitanda cha juu yangu katika chumba hiki hiki cha Al Quoz. Wengine wanne wamesema hawataki makuu. Sir Biju amenipa kilima cha kusini, Matia cha kaskazini. Jumamosi atahesabu magunia. Mwenye machache ndiye mshindi.

Matia anasema atapita hema kwa hema, aamkie, agawe mfuko mtupu, azungumze na watu. Mahema arobaini! Kwa miguu, mchangani! Miguu yangu ina miaka hamsini na miwili. Mimi nitasimika kibao kimoja cha Kiarabu, kisha nikae kivulini.

Nimemwambia Sir Biju kwamba Kiarabu kwangu ni maji, bibi yangu alikuwa mjukuu wa Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut. Hakuuliza zaidi. Kuna tatizo dogo tu. Herufi nazisoma vizuri, viboko vya chuo cha Kurani ni shahidi, ila maana hatukufundishwa. Na miaka miwili hapa Dubai nimejifunza Kihindi. Lakini Kiswahili na Kiarabu ni ndugu. Nitakisia.

Jumanne, 11 Februari

Kazi ya akili siku nzima. Nimechoka kuliko kuzoa.

Kwenye lango la ghala la jirani pana kibao: mamnuu al-wuquf huna. Nimekisoma mara tatu. Wuquf ni kusimama, kila aliyesikia habari za Arafa analijua hilo. Na huna ni huna! Yaani ruhusa ya kusimama huna. Na kweli, hakuna gari linalothubutu kusimama pale. Neno letu wenyewe, wamelichukua bila hata kulibadilisha. Zibala, yaani takataka, nimepewa na dereva wa lori. Mamnuu nimeliacha, ni neno la kipolisi la kukataza, na mtu wa pwani huanza na adabu. Badala yake nimeweka tafaddal, yaani tafadhali. Mwenye duka hapa chini hunitamkia kila siku anaponipa mkate: tafadhali, wapishe wengine.

Kibao kimekamilika, rangi nyekundu: TAFADDAL, ZIBALA HUNA.

Matia alichungulia kutoka juu. Akauliza kama kweli nataka kiseme hivyo, maana aliwahi kulinda lango la shule ya Waarabu miaka mitatu. Mkristo wa Masaka anifundishe mimi Kiarabu! Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana. Akageukia ukutani. Wivu huo.

Alhamisi, 13 Februari

Kibao kimesimama, pale magari yanapoacha lami. Baba mmoja alipunguza mwendo, akakisoma, akanyoosha dole gumba na kusema shukran. Ananishukuru kwa kumkataza! Hawa ni watu wastaarabu, walikosa mtu wa kuwaambia tu.

Kwa mbali nilimwona Matia akipanda na kushuka. Hema la tano wakampa chai. La tisa wakampa wali. Nilikuwa na njaa, lakini sikujali sana.

Nimempigia Muna atafute kanzu yangu nyeupe. Akauliza kama nina hakika, maana ami Msellem ameshajaribisha joho. Nimemwambia amwamuru Msellem alirudishe joho la watu.

Ijumaa, 14 Februari

Ya Rabi.

Walianza kuja saa nne asubuhi. Wa kwanza aliweka mfuko chini ya kibao, kwa adabu kabisa, akaenda zake. Wa pili mifuko miwili. Nikapunga mikono, nikawaonyesha kibao. Wakakitazama, wakatikisa kichwa kwa kukubali, wakaongeza. Nikasogea nikamwonyesha mzee mmoja neno kwa neno kwa kidole. Zibala! Huna! Mzee akasema aywa, aywa, yaani ndiyo, akarudi garini akaleta godoro.

Baada ya adhuhuri magari yalikuja hata kutoka kilima cha kaskazini. Kwa Matia! Mmoja alishusha friji. Nani anakuja na friji jangwani?

Alasiri Matia alikuja akaketi kando yangu. Akaniambia polepole, kama anayeleta habari ya msiba, kwamba huna kwa Kiarabu ni hapa. Hapa! Na tafaddal ni karibu. Basi nimewaandikia watu wote wa jangwani: karibuni, takataka hapa. Nikamwuliza kwa hasira mbona hakuniambia mapema. Akasema alijaribu, nami nikamjibu haambiwi maana.

Jumamosi, 15 Februari

Kilima changu: magunia mia moja na sita, godoro, friji. Cha Matia: manne.

Sir Biju alishuka garini, akavua miwani, akalitazama jabali lile. Akauliza nani ameandika kibao. Nikafikiri haraka, na hapo ndipo huharibu kila mara. Nikasema ni Matia. Nikaongeza kwamba nilijaribu sana kumzuia.

Sir Biju akacheka! Akasema jangwa ni safi hadi upeo wa macho, taka zote ziko mahali pamoja kando ya lami, lori limejaa kwa saa moja bila kukwama mchangani. Miaka mitano hajaona kitu kilichofaulu hivi. Viandikwe vibao sita vingine. Akamshika Matia mkono, akamwita supavaiza mbele ya wote.

Nikapiga kelele kwamba kibao ni changu! Sir Biju akasema khalas, Munir, usimwibie mwenzako jasho lake. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na kweli sikupewa pole na mtu.

Jumatatu, 17 Februari

Sina hamu ya kula. Muna amepiga mara tatu ndipo nikapokea. Nilisingizia mtandao, na yeye alikuwa akinisikia mpaka kikohozi. Mwisho nikamwambia likizo imekosekana. Akasema haidhuru baba, ami Msellem yupo. Alisema kwa upole. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Mtoto huyu kwa miaka miwili amenijua kwa simu tu, nami nilitaka siku hiyo moja niwepo. Nimeingia bafuni, nikafungua bomba, nikalia.

Jumanne, 18 Februari

Matia amekwenda kwa Sir Biju bila kunieleza. Amemwambia ukweli wote wa kibao. Sir Biju akasema cheo hakibadiliki, mwongo hawezi kusimamia watu. Basi Matia akaomba likizo yake ya Aprili nipewe mimi. Eti kwao mwaka huu haolewi mtu, yeye atakwenda Julai. Imekubaliwa, kwa sharti nisiandike tena kibao maisha yangu yote.

Nilimwomba radhi kwa uongo wa Jumamosi. Akasema mzee, hayo yamepita, ulale. Nalala nikiwa nimeapa kwa Mungu: sitajifanya tena kujua nisilolijua.

Jumatano, 19 Februari

Muna amepiga akicheka na kulia pamoja. Kanzu imepatikana, joho la Msellem limerudi kwa mwenyewe. Kuna wasiwasi mmoja tu huko. Babu wa bwana harusi anakuja kutoka Hadhramaut, hajui hata neno moja la Kiswahili, na anataka kuzungumza na wakwe mbele ya msikiti mzima. Wamehangaika wiki nzima.

Nimemwambia, mkalimani wa nini, na mimi nipo?