Seng'enge Kwenye Safu ya Kilo

Jumatatu, 10 Novemba
Nina kazi! Ya majaribio, lakini kazi. Chama cha wakulima wa korosho, huku kwetu njia ya Kilambo, kinataka karani mmoja. Tumeitwa wawili: mimi na Witness, binti wa mwalimu. Ijumaa anabaki mmoja. Witness anaongea na kila mtu. Mimi nikisalimiwa nasahau jina langu. Afadhali kompyuta, haisalimii.
Katibu, Bwana Yusufu, anataka orodha ya kilo za kila mkulima, ibandikwe ghalani. Ukurasa mmoja tu, wino unakwisha. Mkakati wangu: kila namba iwe na mkato, nukta, desimali mbili, na neno "kilo" mwishoni. Witness ataisoma namba!

Jumanne, 11 Novemba
Majina yamekula nafasi yote. Watu wa huku wanaandikisha mpaka babu. Nikabana safu ya kilo. Waliozidi kilo elfu moja wakageuka #######. Nimuulize Witness? Bora nife. Nikajiambia ni kioo cha kompyuta tu, kwenye karatasi namba zitatoka.
Hazikutoka. Nimebandika hivyo hivyo.

Jumatano, 12 Novemba
Balaa! Mzee Rajabu, mwenye mikorosho mingi kuliko wote, kaja na fimbo. Anauliza ni nani kamzungushia korosho zake seng'enge. Nikajificha nyuma ya kompyuta. Bi Saida, mjane wa mdogo wake, akamwambia shemeji tulia, hebu tazama vizuri: waliowekewa uzio ni wenye mali tu, sisi wa kilo tisini tumeachwa wazi kama mbuzi.
Mzee akatazama. Akashusha fimbo. Akaondoka kifua mbele.
Nimeokoka bila kusema neno. Kipaji!

Alhamisi, 13 Novemba
Foleni mpaka nje. Hakuna anayeuliza kilo, kila mtu anataka uzio. Bi Saida kasema ujane usiwe sababu ya kumbagua. Mohamedi, mwenye kilo arobaini, kaomba japo nusu. Kukataa kunahitaji kuongea. Nikabana safu zaidi, nikachapa upya. Wote wakapata! Bi Saida kaniletea mihogo ya kuchemsha.
Witness kaninong'oneza kwamba safu ikipanuliwa namba zinarudi. Wivu huo.

Ijumaa, 14 Novemba
Lori la mnunuzi limefika. Dereva akaomba orodha alinganishe na magunia. Akauliza hapa kuna kilo ngapi. Katibu akaipitia mstari kwa mstari, midomo inacheza, neno halitoki. Nikamwonea huruma, naijua hali hiyo. Dereva hakusubiri orodha ichapwe upya, lori limerudi Mtwara mjini tupu.
Katibu akawatangazia wakulima kwamba zile alama ni makosa. Mzee Rajabu kagoma. Kasema hakuna wa kuutoa uzio wake.
Witness ndiye karani. Mimi nimelia chooni. Katibu kanihurumia, kanipa nafasi ya mwisho: niandike orodha ya simu za wakulima, wapigiwe lori likirudi kesho. Nikivuruga, kwetu. Nikifaulu, nabaki kuwa msaidizi.

Jumamosi, 15 Novemba
Safari hii nimekuwa makini. Namba zote zimeanzia 255, kama ofisi kubwa. Safu nyembamba, majina yapumue. Na hakuna seng'enge hata moja! Kompyuta yenyewe imezifupisha. Mzee Rajabu: 2.6E+11. Bi Saida: 2.6E+11. Mohamedi: 2.6E+11. Kijiji kizima kimelingana, hakuna wa kulalamika kabaguliwa.
Nimechapa kwa wino uliobaki. Faili nimelifuta, Witness asije akaiba ufundi wangu, na vile vikaratasi walivyoniandikia wakulima namba zao nimevichoma. Lori liko njiani. Katibu ameketi, simu mkononi, orodha mbele yake. Ameitazama muda mrefu sana.
Nadhani hajawahi kuona kazi safi namna hii.