Visanduku Sitini na Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Dada ametangaza wakati wa chai ya asubuhi kwamba anakitaka chumba cha uani. Ndimo ninamolala. Amesema meza ya pili ya pasi haina pa kukaa, na kati ya meza na mimi, meza inafanya kazi. Miaka miwili ya kukaa kwake imeishia kwenye mkate mkavu.

Nimemjibu kwa utulivu. Nimemkumbusha kwamba duka lake la dobi linachanganya nguo. Wiki iliyopita daktari alikwenda nyumbani na suruali ya mchungaji, na mchungaji hadi leo hana raha. Nimemwambia nimeanza kozi ya usanifu wa programu za kompyuta. Kufikia Jumamosi nitamletea mchoro wa mfumo wa duka zima. Akiukubali, chumba kinabaki changu, na kile kiti chenye mto pale mapokezini nakikalia mimi, kama msimamizi. Amekubali. Kisha ameandika kwenye kalenda. Sipendi dada anapoandika.

Jumanne, 4 Machi

Kumbe kompyuta haiguswi kwanza. Unaandika kwa maneno ya kawaida jinsi kazi inavyokwenda, unapigia mstari kila kitu kinachotajwa, na kila kitu kinakuwa kisanduku. Ndani ya kisanduku unaandika kitu hicho kinajua nini na kinafanya nini. Programu inajengwa kwa visanduku vinavyoombana kazi. Rahisi. Mwalimu ametuagiza twende mahali pa kazi tukawaulize wanaoifanya. Mimi sikuwa na haja. Naishi humo. Nimeandika nikiwa kitandani.

Nimepata visanduku sitini na kimoja. Ndoo. Kamba. Kibanio. Soksi ya Kushoto. Soksi ya Kulia. Msichana mmoja darasani, ninayemwita Miwani kwa sababu zilizo wazi, amesema soksi zote mbili, na mashati, na suruali, ni kisanduku kimoja tu, Nguo, tofauti yake ni taarifa zilizomo. Mwalimu amemsifu. Nilikuwa karibu kufika hapo mwenyewe.

Kisha mdomo ukaniponza. Nimejigamba mbele ya darasa kuhusu duka letu, kumbe Miwani hakuwa na mahali pa kufanyia zoezi. Alasiri kaja na daftari lake. Dada amempa stuli na chai. Mimi mle dukani husimama.

Jumatano, 5 Machi

Somo la leo limenigusa. Kila kisanduku kizuri kinaficha taarifa zake ndani. Wa nje hawaruhusiwi kuzishika wala kuziona. Mwenye shida akiombe kisanduku chenyewe.

Nikatazama duka letu kwa macho mapya. Aibu tupu. Kila nguo ina uzi wa rangi ulioshonwa chini ya kola: mwekundu wa mwalimu mkuu, kijani wa fundi saa, bluu wa daktari. Mama Pasi, anayepiga pasi kwa dada tangu duka lilipofunguliwa, anasoma nyuzi hizo kama gazeti. Taarifa za wateja ziko nje, hata inzi anaziona.

Mama Pasi alipokwenda kula nikachukua wembe. Nguo mia moja na arobaini. Kila uzi niliokata, niliandika kwenye kompyuta nguo na mwenyewe. Taarifa zote sasa zimefichwa salama. Orodha inasomeka vizuri sana: shati jeupe, la daktari. Shati jeupe, la mwalimu mkuu. Shati jeupe, la fundi saa. Yako mashati meupe thelathini na manane. Limebaki swali dogo tu, lipi ni lipi. Kinadharia, unaliuliza shati.

Alhamisi, 6 Machi

Mashati hayakujibu.

Mama Pasi alifunua kola ya kwanza, ya pili, ya tano. Kisha aliketi sakafuni na kanga yake kichwani. Amesema ana miaka kumi na moja katika nyuzi zile. Amesema pia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na aliposema hivyo alikuwa ananitazama mimi. Dada hakufoka. Bora angefoka. Daktari alijaribu mashati matano mbele ya foleni nzima, akaondoka na koti lake juu ya fulana.

Miwani alifika saa nne. Hakucheka, jambo lililoniudhi zaidi. Aliketi chini kando ya Mama Pasi na wakapanga nguo moja moja. Shati hili kola yake imeliwa upande wa kushoto, ni la fundi saa, hujikuna. Hili lina doa la wino mfukoni, ni la mwalimu mkuu. Hili linataka wanga mwingi. Hadi jioni zilibaki nne tu zisizo na mwenyewe. Mama Pasi akaeleza pia kilichompata mchungaji: wateja wameongezeka, rangi zikaisha, yeye na daktari wakapewa uzi mmoja wa bluu. Miwani aliandika yote. Mimi nilishika mlango.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefumua mchoro wangu na kuanza upya. Sitini na kimoja vilikuwa vingi, nakiri. Sasa kipo kimoja. Kinaitwa Msimamizi. Kinapokea, kinafua, kinaanika, kinapiga pasi, kinajua wateja wote, kina kazi ishirini na saba. Hakimwombi mtu chochote.

Nimemwonyesha mwalimu. Amesema kisanduku cha namna hiyo ni ugonjwa wa kila anayeanza. Kila kisanduku kiwe na kazi yake moja, na kisicho na kazi kifutwe. Akauliza huyo Msimamizi ni nani katika duka halisi. Nikasema ni mimi. Mwalimu akatazama nje dirishani kwa muda. Nadhani alikuwa anafikiria kuniita niwe msaidizi wake.

Jumamosi, 8 Machi

Dada amefunga duka saa saba ili atazame michoro. Wangu ameutazama, akageuza karatasi, akatazama nyuma, akaniuliza kama kuna nyingine.

Wa Miwani ulikuwa na visanduku sita. Mteja, Nguo, Alama, Mpokeaji, Mfuaji, Mpiga Pasi, kila kimoja na picha yake ndogo. Alama ni uzi wa Mama Pasi, ila sasa rangi mbili zinasokotwa pamoja, hivyo haziishi upesi. Mama Pasi, ambaye hajui kusoma, aliufuata mchoro wote kwa kidole na kutaja kila mtu bila kukosea. Akafuta macho.

Dada akauliza mdogo wake yuko wapi humo. Miwani akaomba radhi kwanza. Akasema kwa siku tatu amemuuliza kila mtu nguo inapita mikononi mwa nani tangu mlangoni hadi mlangoni, na hakuna aliyenitaja. Yeye mwenyewe hadi Alhamisi alidhani nikisema duka letu ni kwa kuwa mimi ni mteja wake. Mama Pasi akasema tuwe wakweli, niliwahi kuigusa kazi, siku ile ya wembe. Basi Miwani akachora kisanduku kidogo nje ya mpaka, chenye mstari wa nukta, akaandika Hatari.

Iliniuma. Nasema wazi. Nilikwenda uani nikasimama kwenye kamba, kati ya mashuka, ili nisionekane. Dada alinifuata. Aliniita mdogo wangu, kama zamani tulipokuwa tunagombea upande wa ukutani kitandani. Amesema meza ya pasi inaingia chumbani Jumatatu, hilo halina mjadala. Ila mimi naweza kulala stoo ya nguo chafu, nikikubali kazi moja: kushona upya nyuzi zote, chini ya Mama Pasi. Nimekubali.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa stoo, juu ya mapazia ya mtu. Vidole vyote vina matundu. Mama Pasi ananifundisha kusokota rangi mbili, na leo amesema mkono wangu si mbaya. Amenipa stuli.

Nimetafakari sana mambo ya wiki hii na nimeelewa kosa lilikuwa wapi. Duka zima linategemea uzi. Uzi unanitegemea mimi. Kwa hiyo mimi ndiye kiini cha mfumo, Miwani hakuona tu. Na kiini kina wajibu wa kuboresha. Kanuni ya kuficha taarifa ilikuwa sahihi, nilikosea kutumia wembe. Uzi uwepo, ila usionekane na wa nje. Nimepata mweupe, mwembamba sana, na nimeanza na mashati meupe. Kwa kweli huoni kitu.

La daktari limekwisha. Mama Pasi amekwenda kula, nina saa nzima.