Kilo Elfu Mbili za Kinyinya

Mheshimiwa kiongozi wa tume ya kukagua imihigo, yaani zile ahadi tulizotia saini mwaka jana mbele ya wakubwa. Waheshimiwa wajumbe mliofika na mliotuma udhuru. Padri na mchungaji, mliokubali kukaa benchi moja. Wazee wa mtaa. Wenye baa za mishikaki, ambao ni stakeholders wetu wakuu. Mabwana wenye vitambi, mabibi wenye presha, na ninyi nyote mnaopumua, wakiwemo wanaopumua kwa shida kwa sababu ya kilima hiki: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Kwa jina naitwa Ntare, Mratibu Mkuu wa Kamati ya Wepesi wa Mwili hapa Kinyinya, mwenyekiti wake, na kwa sasa mjumbe wake pekee. Mtaniwia radhi nikihutubia nimekaa. Daktari ameyakataza magoti yangu kusimama zaidi ya dakika kumi, na hotuba hii, kwa mujibu wa action plan, ni ya saa mbili. (Watu wanatazamana.)

Ndugu zangu, unene si mchezo. Mimi mwenyewe kufunga kamba za viatu ni kazi inayohitaji wafadhili. Nikipanda ngazi za ofisi, moyo unanidunda hadi nasahau nilichofuata. Mke wangu Béatha amehamia chumba cha wageni kwa ajili ya mkoromo wangu. (Kicheko. Béatha anaitikia kwa kichwa.) Ndiyo maana nilitia saini, kwa mkono huu, kwamba kabla ya ukaguzi wa leo mtaa huu utapunguza jumla ya kilo elfu mbili, na kwamba tutajenga Kituo cha Wepesi chenye mizani, mashine za kukimbilia bila kwenda popote, na mshauri wa kututia moyo ile wiki ya tatu, ambayo mtu hujiambia mshikaki mmoja hauna neno. Uzinduzi mnaukumbuka. Tulikula mbuzi saba. (Makofi marefu, ya dhati.)

Sasa takwimu. Baseline, yaani uzito wa kuanzia, ilichukuliwa kwa mizani ya viazi ya Munyakazi, ambayo mwisho wake ni kilo mia. Kwa hiyo sisi tuliozidi hapo tuliandikwa mia kamili, jambo lililoupunguzia mtaa kilo mia sita siku ya kwanza, kabla mtu hajatoka jasho. (Tume inaandika.) Uhamasishaji umefikia asilimia mia moja na nne, maana walikuja hata watu wa mtaa wa Kabeza.

(Sauti ya mama kutoka nyuma: “Muyobozi, kiongozi wetu, ile senta iko wapi? Mi natafuta yeye tangu mwezi wa pili.”)

Asante, mama Gaudiose, swali limepokelewa. Gaudiose mnamfahamu, muuza nyanya wa kule bondeni. Mwezi wa pili daktari alimwambia asipopungua kilo kumi na tano, magoti yatamlaza kitandani kabla ya Noeli, na nyumbani kwake hakuna mwingine wa kuuza. Mama huyu alituamini. Kila asubuhi alipanda kilima hiki kwa miguu kuuliza kama Kituo kimefunguliwa, na kila asubuhi nilimjibu kwa heshima zote kwamba mchakato uko hatua za mwisho, arudi kesho. Akarudi. Miezi tisa.

(“Na mvua,” anasema Gaudiose.)

Na mvua. Juzi kapanda mizani ya Munyakazi: amepungua kilo kumi na nane, na daktari kasema magoti yamepona kiasi cha kucheza ngoma. (Vigelegele. Gaudiose anacheza kidogo.) Hiyo, waheshimiwa, ndiyo impact.

Kule Tanzania nilikokulia tungesema: Wepesi! (Hoyee.) Vitambi! (Zii.) Rudi kesho! (Hoyee.)

Kwa kumalizia, naishukuru tume, nawashukuru wenye mbuzi, na namshukuru Mungu aliyeninyima bidii, kwani Kituo kilitakiwa kujengwa bondeni, mlango kwa mlango na kibanda cha Gaudiose, na kama kingejengwa, asingepanda kilima hata siku moja. Hakijajengwa. Hakuna hata tofali. Naomba basi kiandikwe kuwa kimefaulu. Na kuanzia kesho, tume ikiridhia, nitakuwa nashuka mimi kwa miguu hadi kibandani kwake kumwambia bado.

(“Sawa, muyobozi,” anasema Gaudiose. “Kuja na gunia. Kurudi huku juu, utabebea mi nyanya.”)