Diski ya Tonny Yaombewa Kawangware

Tonny Okeyo, fundi wa kompyuta, alipomwona Nthenya amesimama nje ya chuo chake cha taipu, Kawangware 46, akimsimamia mchoraji aongeze neno "Kompyuta" juu ya mlango, alijua riziki yake imepatikana. Ndani mlikuwa na taipureta za kizamani na wasichana waliozigonga bila huruma. Kompyuta haikuwepo hata ya kuazima. Lakini karo ilikuwa imeshapanda, rangi ya herufi ya mwisho ikiwa bado mbichi.

Tonny aliunda kompyuta mpya chumbani kwake Gatwekera, na tumpe haki yake: kasha lilikuwa jipya, kibodi mpya, hata nailoni aliivisha mwenyewe. Kitu kimoja tu kilikuwa cha zamani, nacho ni diski, kile kidude cha chuma kinachotunza kumbukumbu zote. Bila hicho kompyuta ni sanduku la kuwekea maua. Tonny alikuwa na diski nzima moja duniani, aliyoing'oa kwenye mashine iliyotupwa na ofisi ya mjini. Aliiita Bibi Arusi, kwa kuwa iliolewa kila mwezi.

Ilifanya kazi kwa kila mteja siku chache, kisha Tonny akaja "kuihudumia", akalegeza waya kwa siri, mashine ikagoma. "Ni virusi," akasema akitikisa kichwa. Diski ikapelekwa matibabu, mteja akaachiwa nyingine iliyokufa zamani, naye Bibi Arusi akarudi nyumbani kungoja posa. Wateja walingoja bila kelele. Wengine hata walijivunia, maana si kila mtu mtaani alikuwa na kitu cha kuugua virusi.

"Hii ni ya Japan, madam," Tonny alimwambia Nthenya. "Mimi mwenyewe siigusi kabla sijanawa."

"Kwa hivyo wazazi nikiwaambia ni mpya, sidanganyi?"

"Utadanganya aje na nailoni bado iko?"

Nthenya alinunua bila kuomba risiti, kwa maana risiti huwaita watu wa kodi. Wakaagana, kila mmoja akiwa ameridhika sana na uaminifu wa mwenzake.

Shida ilikuwa Ogola, landilodi wa Tonny. Naye alikuwa amelipia kompyuta kitambo, kasha na skrini viko kwake, na bado anangoja diski.

"Jumapili jioni isipowaka," Ogola alisema kwa upole uliomtisha Tonny kuliko matusi, "tafuta kwa kulala."

Basi Jumamosi Tonny akarudi kwa Nthenya, akalegeza waya, mashine ikagoma.

"Virusi. Wacha nitoe diski niende nayo."

Nthenya alishika kifua. "Woi! Ni yangu tu imeshikwa?"

Hapo ndipo mdomo ulipomponza Tonny. Hakutaka ionekane kasoro ni ya kazi yake. "Madam, huu ni ugonjwa wa Nairobi nzima! Mildred, yule wa saluni hapo Kabiro, yake iko chini. Hata landilodi wangu Ogola, kule Gatwekera, yake imeugua kabla haijawaka!"

"Maskini! Basi mgonjwa hatoki kwangu bila kuombewa. Kuja kesho baada ya ibada, pastor akimaliza uichukue."

Tonny akapiga hesabu: mchana Kawangware, jioni Gatwekera. Maombi yangemharibia nini? Akaitikia amina papo hapo.

Jumapili alikuta kompyuta imewekwa ndani ya kanisa la mabati, kwenye meza ya mbele, juu ya kitambaa cha kufuma, imechomekwa kwenye stima. Pasta Wepukhulu aliizunguka akiiangalia kwa jicho baya. Mikono yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kupakua mawe.

"Toka!" akaamuru, na akalizaba kasha kofi moja la nguvu.

Waya uliolegea ukarudi mahali pake. Mashine ikakohoa, ikanguruma, skrini ikawaka. Vigelegele vikapasua mabati.

"Imepona!"

Tonny alipiga makofi na wenzake huku akiisogelea meza. "Pastor, bado naona nibebe diski, niichunguze kidogo tu..."

"Fundi, una shaka na uponyaji?"

Kanisa zima likageuka kumtazama.

"Hapana! Sina shaka."

Nthenya akasimama. "Na kuna wagonjwa wengine. Fundi alinitajia, nikatuma watu wawaite."

Mlango ukafunguliwa. Mildred aliingia akifuata mkokoteni uliobeba kompyuta yake. Nyuma yake alikuwa Ogola, ya kwake begani.

"Niaje, Tonny. Mbona hukuniambia yangu ni mgonjwa? Nilidhani inangoja diski tu."

Pasta akaizaba ya Mildred. Haikuwaka. Akairudia mpaka kiganja kikamuuma.

"Hii imekataa kofi. Fundi, fungua tuone virusi vimekaa wapi."

"Na afungue hiyo iliyopona," Mildred akasema, "tuone tofauti."

"Aanze na yangu," Ogola akasema.

Nthenya akamletea bisibisi, akampa kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Tonny alimtazama usoni ajue kama mama huyu alielewa alichokifanya au hakuelewa. Mezani Bibi Arusi alikuwa akinguruma kwa raha, ameolewa sasa mbele ya mashahidi, na hakuna ujanja ambao ungemtoa pale.

"Tufunge macho," pasta akasema, "tumwombee fundi."

Tonny hakuwa ameomba tangu shule ya msingi. Siku hiyo aliomba kwa imani kuliko wote mle ndani: kwamba akilifungua kasha la Ogola, akute diski.

Akalifungua. Ogola akainama, akachungulia pale diski ilipopaswa kuwa, akaona patupu. Kisha akasema amina, akaanza kukunja mikono ya shati.